Droni katika Kutafuta na Kuokoa: Saa ya Kwanza ni ya Wananchi

(Maelezo ya ofisi ya uhusiano wa polisi na umma kwa wakazi wa mpakani, Arua na Koboko)



Tunazungumza nanyi kwa Kiswahili, lugha ambayo jeshi na polisi wa nchi hii wameitumia tangu enzi za ukoloni, kwa kuwa hapa penye mataifa matatu hakuna lugha nyingine isiyomwacha mtu nje ya mlango. Tukisema Kilugbara, Mkakwa wa Yei atabaki kutazama. Tukisema Kikakwa, mgeni wa Ariwara atauliza jirani yake. Basi na tuvumiliane, hata pale ambapo Kiswahili cha mmoja si cha mwenziwe.

Mada tuliyopewa ni droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, ambayo baadhi ya watu huiita ndege nyuki kwa sababu ya mlio wake. Tumeombwa tueleze namna inavyowasaidia polisi kumtafuta aliyepotea na kumwokoa aliye hatarini. Kabla hatujaisifia, yafaa tuseme kwa nini wengi wenu hamuipendi, kwa maana hofu isiyozungumzwa haiondoki.

Wapo miongoni mwenu waliokuwa Yei miaka ya 1990, wakati ndege aina ya Antonov za serikali ya Khartoum zilipokuwa zikidondosha mabomu juu ya miji ya kusini. Mtoto wa wakati ule leo ni mama wa watoto wanne, na akisikia mlio juu ya kichwa chake mwili wake hukumbuka kabla ya akili. Wapo waliotoka Kongo ya mashariki, ambako Umoja wa Mataifa ulirusha droni zake za kwanza mjini Goma tarehe 3 Desemba 2013. Zile hazikuwa na silaha, lakini si kila mwanakijiji alielezwa hivyo. Na tangu Aprili 2023, vita vya Sudan vimeonyesha dunia nzima droni zinazoua, zikitumiwa na pande zote mbili. Kwa hiyo mtu anayekimbilia kichakani anapoona kitu kikielea angani hatumwiti mjinga, kwa kuwa amejifunza hivyo kwa gharama kubwa.

Hata hivyo, kutoka Kongo hiyohiyo kuna habari nyingine ambayo haikusimuliwa sana. Mwezi Mei 2014, mojawapo ya zile droni za Umoja wa Mataifa ilikuwa katika doria karibu na Goma. Waliokuwa wakitazama picha zake wakaona mashua ikizama katika Ziwa Kivu. Hawakuwa wakitafuta mashua. Boti za kikosi zikatumwa, na watu 14 wakatolewa majini wakiwa hai. Kifaa kilekile kilichoogopwa kiligeuka kuwa jicho lililowaona watu wale kabla maji hayajawafunika.

Droni ambayo polisi huitumia kutafuta watu ni ndogo kuliko hiyo, ndogo kiasi cha kubebwa katika sanduku mgongoni. Ina mapanga manne au zaidi yanayozunguka, betri, na kamera. Kamera ya kawaida huona kama jicho lionavyo. Kamera ya pili, ambayo ndiyo yenye thamani usiku, huona joto: mwili wa mtu hung'aa kama kaa la moto penye majani yaliyopoa. Rubani husimama chini, ameshika kiwambo mkononi, na mwenzake hutazama picha. Haibebi bunduki, na haimpati mtu kwa uchawi.

Mwaka 2018, Rais Museveni alipolihutubia Bunge juu ya usalama, alizitaja droni miongoni mwa vifaa ambavyo polisi wetu wangehitaji. Ifahamike, hata hivyo, kwamba si kifaa cha kuwekwa katika kila kituo. Huombwa, huletwa, na huja na mtaalamu wake. Ndiyo sababu hatukuja kuwaambia kwamba sasa kila mtu atapatikana. Tumekuja kuwaambia ni kitu gani droni inahitaji kutoka kwenu, maana bila hicho huwa ni kama tochi mkononi mwa mtu ambaye hajaambiwa alipodondosha ufunguo.

Tazameni yaliyotokea nchini Kanada mwezi Mei mwaka 2013, katika jimbo la Saskatchewan. Mtu mmoja alipata ajali ya gari usiku, akajeruhiwa kichwani, akaliacha gari na kutembea gizani katika baridi kali bila nguo za kumtosha. Polisi walimtafuta kwa miguu, helikopta ikamtafuta kutoka juu, na hakuonekana. Hatimaye yeye mwenyewe akapiga simu, na kwa simu ile ikajulikana yuko sehemu ipi. Hapo ndipo polisi waliporusha droni yenye kamera ya joto, ikamwona amejikunja chini ya mti, kando ya theluji. Watu wengi husema kwamba droni ndiyo iliyomwokoa. Sisi tunasema ile simu ndiyo iliyoipa droni kazi ya kufanya. Helikopta haikushindwa kwa kukosa macho. Ilikosa mahali pa kutazama.

Turudi nyumbani, na tufanye hesabu pamoja, nasi tunaomba walimu walio hapa watusahihishe tukikosea.

Chukueni mtoto wa miaka saba aliyekwenda kuchanja kuni na hakurudi. Anatembea polepole, kilomita mbili kwa saa. Baada ya saa moja anaweza kuwa mahali popote ndani ya duara lenye ukubwa wa kilomita za mraba 12 na nusu. Droni ndogo, ikiwa na dakika 20 za kazi katika betri moja, ikienda na kurudi kwa mistari kama mlimaji wa ng'ombe, huchungua karibu nusu kilomita ya mraba. Kwa hiyo kwa duara lile tunahitaji betri 25. Ni kazi ngumu, lakini yawezekana.

Sasa mzazi angoje. Amtume kaka yake kwanza, amuulize shangazi, aende kwa jirani, jua lizame, aseme labda amelala kwa bibi. Zipite saa tano. Duara sasa lina kilomita za mraba 314. Hilo ni eneo kubwa kuliko makazi yote ya wakimbizi ya Bidibidi, ambayo ni takriban kilomita za mraba 250. Betri zinazohitajika zinapita 600. Hakuna kikosi cha polisi, si hapa wala Ulaya, kinachotembea na betri 600. Katika saa zile nne za ziada hatukupoteza robo ya nafasi ya kumpata mtoto. Tumepoteza karibu yote.

Lakini akitokea mwanamke mmoja akasema, "Nilimwona saa tisa mchana, amevaa gauni jekundu, akishika njia ya kwenda kisimani," duara lile hukatwa, na hubaki kipande kidogo kama kipande cha embe. Neno moja la mwanamke yule linazidi mamia ya betri. Ndiyo maana ofisa anapouliza maswali mengi (alivaa nini, alikula saa ngapi, anapenda kucheza wapi, alishawahi kupotea, anatumia dawa gani), msidhani anachelewesha kazi. Wakati ule anapunguza duara.

Tunasikia mara kwa mara kwamba polisi hawapokei habari ya mtu aliyepotea mpaka zipite saa 24. Hatujui neno hili lilitoka wapi, labda katika sinema. Hakuna saa 24 za kungojea. Mtoto, mzee anayesahau njia, mgonjwa wa akili, mtu aliyekwenda mtoni akaacha viatu vyake ukingoni: ripotini mara moja. Kuripoti hakulipiwi, na mtu yeyote asiwaombe malipo kwa kuandika jina la aliyepotea.

Tunajua pia kwamba kuchelewa hakutokani na uvivu. Familia yenye mzee aliyechanganyikiwa huona haya. Mkimbizi ambaye karatasi zake hazijakamilika huogopa kaunta ya polisi kuliko anavyoogopa msitu. Wengine huanza kwa mganga. Hatukumkataza mtu yeyote kushauriana na amtakaye, wala kuomba dua. Tunachoomba ni kwamba mmoja akielekea kwa mganga, mwingine aelekee kituoni, saa ileile. Na yule mwenye karatasi pungufu na amtume mwenyekiti wa kijiji badala yake, kwani habari ya mtoto aliyepotea haiulizwi kitambulisho.

Sasa tuseme droni imeletwa. Yapo mambo ya nchi yetu ambayo waliotengeneza vifaa hivi hawakuyafikiria sana.

La kwanza ni jua. Kamera ya joto hutofautisha kitu chenye joto na kitu kilichopoa. Mwezi Januari, saa saba mchana, mawe ya chini ya Mlima Liru yana joto kama la mwili wa mtu au zaidi, na katika kiwambo kila jiwe huonekana kama mtu aliyelala. Kwa hiyo kamera hii hufanya kazi vyema usiku wa manane na alfajiri, kabla ardhi haijapata moto. Mkiona polisi wameketi mchana wanasubiri, yamkini wanasubiri ardhi ipoe. Majani yakichomwa wakati wa kiangazi hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa moto na moshi hufunika kila kitu. Mahali panapotafutwa mtu, yeyote asiwashe shamba siku ile.

Miti ya miembe ni rafiki yetu kwa kivuli na kwa njaa, ila mwembe uliokomaa huzuia kamera kabisa. Mtu aliyelala chini yake haonekani kutoka juu. Vivyo hivyo mtama uliokua na mafunjo ya mtoni. Huko droni huachia miguu na mbwa wa polisi.

Kuna na jambo la umati. Desturi yetu ni nzuri: mtu akipiga yowe, kijiji kizima hutoka. Desturi hii imeokoa watu wengi kuliko mashine yoyote, nasi hatutaki ife. Ila watu 200 wakitawanyika gizani, kila mmoja na tochi yake, rubani huona nukta 200 zinazong'aa na hawezi kujua ni ipi ya aliyepotea. Nyayo nazo hufutika. Kwa hiyo tunaomba hivi: droni ikiwa angani, watafutaji wasimame au waketi mahali pamoja walipoelekezwa, na wangoje. Ikitua, waendelee kwa safu, wakiongozwa na mtu anayekijua kichaka kile. Vijana mnaofuata mlio na kukimbia chini ya droni mkipiga makofi, tunawaelewa, lakini ninyi nanyi ni nukta.

Na aliyepotea mwenyewe? Huyu ndiye anayetusikitisha zaidi, kwa kuwa mara nyingi mtoto huyu hujificha. Amesikia hadithi za nyumbani za ndege za mabomu, basi akisikia mlio huingia chini ya kichaka, mahali ambapo kamera haifiki. Tunawaomba walimu, na akina mama jioni penye jiko, wawafundishe watoto: ukipotea, keti mahali pamoja usiendelee kutembea, ukisikia mlio kama wa nyuki wengi, toka uwazini, punga nguo au kanga, kama una simu, washa tochi yake na uielekeze juu. Mtoto akicheza mchezo huu mara mbili au tatu, atakumbuka.

Kwa ndugu zetu wa Mto Nile tuna neno la pekee. Kamera haioni ndani ya maji. Aliyezama hatafutwi na droni. Hutafutwa na wapiga mbizi na wavuvi wanaoujua mkondo na wanaojua magugu maji hukusanyika wapi. Aliye juu ya maji, akishikilia dumu au ubao, huyo droni yaweza kumwona upesi, hata kumdondoshea boya. Huko Australia, Januari 2018, vijana wawili waliolemewa na mawimbi walidondoshewa boya na droni, wakalishika na kuogelea hadi ufukweni. Lakini wavuvi ndio hufika kwanza. Ndege ilipoanguka katika Ziwa Viktoria karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, watu 24 walinusurika, na waliowafikia kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Katika Ziwa Albert, Machi 2014, mashua iliyowabeba wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirejea kwao ilipinduka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Hakuna droni ambayo ingeweza kuwatoa wote wale majini. Jaketi za kuokolea na abiria wachache katika mashua zingefanya zaidi, na tunalisema hili ingawa tumekuja kuzungumza juu ya mashine.

Sasa tufike mpakani, ambapo maswali yenu yalikuwa makali.

Wengi mmeuliza: kwa nini droni husimama katikati ya mto, hali mtu tunayemtafuta alivuka? Mto Kaya hauzuii mbuzi, hauzuii harusi, na wala hauzuii msiba. Wazee wanajua kwamba mstari huu ni mchanga kuliko koo zilizogawanywa nao. Eneo hili lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909, mwaka 1910 likawa la Sudan, na mwaka 1914 likaingizwa Uganda. Hata hivyo sheria ya anga ni kali kuliko sheria ya njia za panya. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika kifungu cha 8, unakataza ndege isiyo na rubani kuruka juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Kuwa pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini iliingia mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, hakujaliondoa sharti hilo. Na fikirini wenyewe: askari wa upande wa pili anayeona droni ya kigeni juu ya kambi yake hataiuliza imekuja kumtafuta nani. Tukilazimisha, atakayelipa ni mkazi wa Oraba au wa Vurra, si rubani.

Kwa hiyo mpakani droni hufanya nusu ya kazi, na nusu ya pili hufanywa na ninyi. Mzee wa ukoo mwenye ndugu upande wa pili apige simu papo hapo. Muuzaji anayevuka kwenda soko la Ariwara achukue picha ya aliyepotea. Wachungaji watangaze pande zote mbili. Polisi nasi tutawasiliana na wenzetu kwa njia za kiserikali, lakini barua ya serikali hutembea kwa viatu, na simu ya shemeji hupaa.

Kuhusu simu, kumbukeni jambo dogo lenye matata makubwa. Namba za dharura za polisi wetu ni 999 na 112, na hazitozwi. Lakini karibu na mpaka simu hushika mtandao wa nchi jirani bila kuwauliza. Tazameni kwanza jina la mtandao juu ya kioo. Kama si wa Uganda, sogeeni mahali palipoinuka, au mpigieni mwenyekiti aliye ndani zaidi akaripoti kwa niaba yenu.

Limebaki swali la akina mama, na kwa maoni yetu lilikuwa zito kuliko yote yaliyoulizwa. Bafu zetu ni za nyasi na hazina paa. Kamera inayopita juu huona nini? Jibu la kweli ni kwamba yaweza kuona. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 inawafunga polisi kama inavyowafunga wengine: picha iliyochukuliwa kwa ajili ya kumtafuta mtu si ya kupelekwa katika simu za marafiki. Mkisikia picha ya namna hiyo inazunguka, leteni malalamiko kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kwa maandishi, mkiwa na mwenyekiti wenu. Na pale inapowezekana, tunataka kijiji kiambiwe kabla droni haijaruka, kwa kipaza sauti cha msikiti au kengele ya kanisa, ili mtu ajue kilicho angani ni nini na kwa muda gani.

Wenye droni zao binafsi za kupiga picha za harusi, nanyi mna wajibu. Hazirushwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wala karibu na uwanja wa ndege wa Arua. Na utafutaji ukiendelea, ziacheni ndani ya masanduku yake, hata kama nia ni kusaidia, kwa kuwa droni mbili zisizojuana angani ni ajali inayosubiri. Mwenye jiwe, mshale au manati naye aviweke chini: ikiangushwa saa ile, mtoto aliye kichakani hana nyingine inayokuja.

Kwenye meza iliyo karibu na mlango kuna daftari. Tunaomba kila mwenyekiti wa kijiji aandike mambo matatu kabla ya kuondoka: namba yake ya simu, jina la mtu anayekijua kichaka cha kijiji chake hata gizani, na uwanja mmoja wa wazi, usio na nyaya za umeme, ambapo droni yaweza kupaa na kutua. Wasiojua kuandika watasaidiwa na ofisa aliyeketi pale, ambaye anajua Kikakwa, Kilugbara na Kinubi. Wale wa Lingala, tutamtafuta mtu.